Landrova 109, Land Cruiser 40 au Peugeot 504: ipi ina ndugu wengi wa kuazimana spea?

Mpwa wangu alinipigia simu mwezi uliopita, sauti imejaa furaha ya mtu ambaye hajawahi kulala chini ya gari bovu. "Shikamoo mjomba. Nimepata magari matatu ya zamani, nataka kununua moja." Landrova 109 Series III iko Babati, imesimama chini ya mwembe tangu mwenyewe afariki. Land Cruiser ya 40, dizeli, iko Tanga. Na Peugeot 504 pikapu iko ng'ambo ya mpaka, Voi. Zote zinawaka, bei hazipishani sana. Kisha likaja swali lenyewe: "Spea zake zinapatikana?"

Nikamwambia swali hilo halitamsaidia. Ukimuuliza muuza duka spea za gari la mwaka 1978, anayejali muda wake atasema hakuna, na mwenye kodi ya pango mwisho wa mwezi atasema zipo, njoo kesho. Uliza hivi: spea ya gari gani jingine inaingia humu? Gari la zamani linaishi kwa ndugu zake. Lenye ndugu wanaotembea barabarani hadi leo litapona, na lililobaki peke yake litageuka banda la kuku hata kama lilikuwa zuri kiasi gani.

Tena neno "inaingia" mafundi hulitumia kwa maana tatu. Kuna inayoingia yenyewe: unafungua ya zamani, unafunga mpya, unaondoka. Kuna inayoingia na wenzake, yaani ukibadili hiki lazima ubadili na kile. Na kuna inayoingia kwa kukereza, ambapo fundi wa vyuma anakutana na kipande chako kwenye mashine na wewe unakutana na bili mbili. Fundi akikuambia inaingia, muulize ni ipi kati ya hizo tatu kabla hujatoa hela.

Injini

Kwenye injini Landrova ndiyo yenye ukoo mpana kuliko zote. Series III, iliyotoka kati ya 1971 na 1985, kwa kawaida ina injini ya sentimita za ujazo 2286, ya petroli au ya dizeli, na hizo mbili ni za tumbo moja. Kiwanda hakikuanza upya baada ya hapo. Kilirefusha mwendo wa pistoni, kikaongeza tabochaja, kikaendelea kurekebisha mpaka kikafika injini ya dizeli ya 200Tdi, iliyoanza kwenye Discovery mwaka 1989, halafu 300Tdi mwaka 1994. Ndiyo maana 200Tdi inashika giaboksi ya Series bila sahani ya kuunganishia katikati. Fundi anahamisha stadi chache tu. Magari yasiyohesabika ya Arusha na Karatu yanayoonekana kama 109 ya babu yana moyo wa Discovery. Oktoba 2024, Landrova zilipokusanyika Arusha kwenye tamasha lao, nilijipa kazi ya kuchungulia chini ya boneti badala ya kupiga picha. Za injini ya kuzaliwa nazo ilibidi nizitafute.

Ila ukoo mpana una mambo yake. Injini ya 2286 hadi 1980 krenki yake imekalia beringi kubwa tatu, na baada ya hapo tano. Kwa nje ni pacha. Krenki na beringi zake haziazimani, na muuza duka atakuuzia "beringi za Landrova" bila hata kukuuliza mwaka. Halafu 200Tdi nayo ina sura mbili: ya Defender tabochaja iko juu, ya Discovery iko chini, nayo inagongana na mkono wa chesisi unaobeba injini kwenye Series. Ukinunua injini ya Discovery kwa sababu ni rahisi, bajeti pia manifoldi ya Defender, au mtu wa kuchomelea. Na ukishafunga injini yenye nguvu, giaboksi ya zamani haijui kwamba umeboresha gari. Yenyewe inajua tu kwamba inaumia.

Ukikuta 109 yenye silinda sita, ile ya 2.6 ya petroli, ondoka taratibu. Inaunguruma vizuri sana, lakini haina ndugu wa kuiazima.

Land Cruiser ya 40 ina ukoo mdogo kidogo lakini wenye adabu. Nyingi za dizeli za miaka ya mwisho, kabla haijasimama 1984, zina injini ya 3B ya lita 3.4. Injini hiyohiyo ilikaa kwenye Land Cruiser ya 60, kwenye 70 za mwanzo, na, hili ndilo la kushika, kwenye malori madogo ya Dyna na basi la Coaster. Hapo ndipo Toyota inapowapita wenzake: spea ya injini yako hutafuti kwa watu wa magari ya zamani, unaitafuta kwa watu wa biashara ya mizigo na abiria, ambao hawawezi kukaa wiki bila pampu ya dizeli. Haina hata mkanda wa taimingi wa kukukatikia porini, ni gia tupu. Ukichoka na 3B, mdogo wake 14B wa kwenye Dyna anafungwa mahali pake bila maneno mengi. Pikapu ndefu za HJ47 zina injini ya 2H ya silinda sita, na hiyo nayo ilipanda kwenye HJ60 na HJ75, yaani za 60 na za 70.

Peugeot 504 ina ndugu mmoja wa kweli, 505, iliyoanza 1979. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1971 iko kwenye zote mbili. Uzuri wake mkubwa ni silivu, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka: zinatoka. Silinda ikilika hupeleki bloku kuchongwa. Unanunua seti ya silivu na pistoni, unapanga, unafunga. Nimeona ikifanyika kwenye uwanja wa nyumba, mama mwenye nyumba akianika nguo juu ya kamba ileile iliyoninginia silinda hedi. Dizeli ya 2304 nayo iko kwenye 504, 505, na hata kwenye Ford Sierra ya dizeli, maana Ford waliinunua kwa Peugeot. Shida ni kwamba 505 zenyewe sasa zinazeeka na kupungua.

Mtu akikuambia 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, mwitikie, ni kweli. Ila ile ya 1978 ilikuwa ya milango miwili yenye V6. Pikapu ya Voi haina cha kuazima kwake zaidi ya jina.

Difu, mahali pesa zinapopotea

Hapa nitakaa, kwa sababu watu wanaogopa injini na kuidharau difu, yaani gia za katikati ya aksili zinazopeleka nguvu kwa magurudumu.

Landrova za Series zina difu nzito, uwiano wa 4.7 kwa 1, yaani shafti inazunguka mara 4.7 gurudumu likizunguka mara moja. Ndiyo maana zinapanda ukuta na ndiyo maana kwenye lami ya Makuyuni zinalia kama zinachinjwa. Range Rover za kwanza, Discovery ya kwanza na Defender zina 3.54, na difu hiyo, ile ya mapema yenye meno 10 ya shafti, inaingia yenyewe kwenye aksili ya aina ya Rover ya Series: unachomoa hafu shafti, unafungua bolti kwa mbele, bonge zima linatoka, unaweka jingine. Gari linapata pumzi. Kwa mizunguko ileile ya injini iliyokuwa inakupa kilomita 60 kwa saa, sasa unakwenda karibu 80.

Sasa hesabu gharama zake. Kwanza, ukibadili nyuma lazima ubadili na mbele, la sivyo siku utakapotia gia ya magurudumu manne, mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kivunjike. Pili, mshale wa spidi unaendeshwa na transfa, ile boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, na transfa iko kabla ya difu, kwa hiyo haujui kilichobadilika. Rafiki yangu mwenye Landrova 88, ile fupi, alisimamishwa na askari wa tochi huku akiapa kwamba alikuwa 50. Mshale wake ulisema 50 kweli. Gari lilikuwa 66. "Afande, hebu angalia mwenyewe," alisema, na askari akaangalia, akamwandikia.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu mpwa wangu: karibu 109 zote za Series III hazina aksili ya Rover nyuma. Zina aksili ya aina nyingine, ya Salisbury. Lala chini, tazama mgongo wa aksili ya nyuma: ukiona kifuniko kilichozungukwa na bolti, ndiyo yenyewe. Ni ngumu kama jiwe, hafu shafti zake hazikatiki ovyo kama za Rover, lakini difu ya Discovery haiingii humo. Haitoki kama bonge. Inapangwa humohumo ndani, na wanaojua kuipanga ni wachache. Anayetaka wepesi kwenye 109 kwa kawaida anatafuta aksili nzima ya Defender 110. Watu hununua difu mbili za Discovery, wanafurahi, halafu wanagundua kwamba moja ni ya kuwekea mlango usifungwe na upepo.

Kwenye Land Cruiser jambo ni fupi zaidi. Difu za 40, 60 na 70 za mwanzo hutoka kwa nje kama bonge, na uwiano wa 4.11 ndio uliozoeleka, kwa hiyo mara nyingi unatoa na kuweka bila kugusa ya mbele. Hesabu tu meno ya ncha ya shafti: za zamani sana zina 10 manene, za baadaye 30 membamba, na hizo mbili hazioani.

Kwa 504 angalia umbo la nyuma. Salun nyingi zina magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja kivyake, pikapu na zile za familia zina aksili ngumu. Vya nyuma vya salun haviendi kwenye pikapu, hata muuzaji akiapa kwa mama yake.

Rimu na nati

Ungedhani hapa hakuna cha kusema. Mimi nilidhani hivyo.

Rimu ya Landrova ya Series ina tundu tano kwenye duara la milimita 165.1, na hivyohivyo Defender, Range Rover za kwanza na Discovery ya kwanza. Rimu zinaazimana vizuri. Discovery ya pili ina 120, usihangaike nayo. Lakini stadi za zamani ni za inchi 9/16, nyuzi za Kiingereza cha kale, na za baadaye, kuanzia karibu na 1980, ni za milimita 16. Nati ya mpya ukiiweka kwenye stadi ya zamani inateleza tu kama pete kwenye kidole kilichokonda. Landrova yangu mwenyewe, kumbe, aliyekuwa nayo kabla yangu alishabadili habu za mbele kwa za gari jipya zaidi na kuziacha za nyuma. Nilinunua seti moja ya "nati za Landrova" kwenye duka moja mjini, nikaziweka kwenye kisanduku, nikajiona nimejipanga. Pancha ilikuja karibu na Mto wa Mbu, gurudumu la nyuma, saa moja usiku. Tangu siku hiyo nina mifuko miwili ya nati, mmoja umeandikwa MBELE.

Breki nazo: 88 nyingi zina dramu za inchi 10, 109 za inchi 11. Viatu vya breki vikiwa kwenye boksi vinafanana mno. Nenda na kiatu cha zamani mkononi, usiende na jina la gari.

Land Cruiser ya 40 ina tundu sita kwenye 139.7, sawa na Hilux ya magurudumu manne, sawa na 60, sawa na 70 zote hadi 1999. Yaani rimu yako ipo kila kijiji chenye Hilux.

Umeme

Landrova za kabla ya mwisho wa 1967 zimefungwa betri kinyume, chanya ndiyo iko kwenye bodi. Series III haina tatizo hilo, lakini kama mtu alihamishia wayaringi ya gari la zamani, waya hazina mdomo wa kukuambia. Land Cruiser ina mtego wake: baadhi ya zile za dizeli zilizotoka moja kwa moja soko la Japani ni za volti 24, yaani betri mbili za 12. Stata, oltaneta, plagi za kupashia moto, hata globu, vyote ni tofauti na vya volti 12. Peugeot ni volti 12 na haina siri, na fundi yeyote wa umeme atakufungia oltaneta ya Nissan kwa kutengeneza kishikio.

Bodi

Landrova ni bati la alumini juu ya chesisi ya chuma. Juu haiozi, chini inaoza, na mahali alumini inapogusana na chuma vyote viwili vinalana. Faraja ni kwamba Uingereza bado wanatengeneza chesisi mpya zilizochovywa zinki, na paneli ni bapa, fundi bati wa kawaida anakunja. Toyota 40 ni chuma kitupu. Gari la Tanga, lililokaa miaka kwenye hewa ya bahari, lichunguze sakafu na nguzo za milango kwa bisibisi, siyo kwa macho. Toyota wenyewe wameanza kutengeneza upya baadhi ya spea za 40 kupitia mpango wao wa GR Heritage Parts, lakini bei yake ni ya mtu anayelilaza gari ndani. Kwa bodi ya 504 nenda Kenya. Ziliunganishwa huko hadi 2004, kwa hiyo bado utakuta milango na mabawa yake kwenye majumba ya watu.

Jambo moja linalofuta nusu ya tatizo

Beringi haijui imefungwa kwenye gari gani. Ina namba. Beringi 6205 ni milimita 25 ndani, 52 nje, unene 15, iwe kwenye oltaneta au kwenye mashine ya kusaga. Oili sili nayo inauzwa kwa vipimo vitatu. Kwa hiyo safisha ya zamani, soma namba iliyochapwa ubavuni, uende duka la beringi, siyo duka la spea za magari. Land Rover wana namba zao za kiwanda, nazo ni hazina: RTC3429 ni beringi ya gurudumu la Defender, Discovery ya kwanza, Range Rover za kwanza na Series III za mwishoni. Mwenye namba hiyo habishani na mtu. Nunua kalipa, kile kipimo cha milimita, hata ile ya bei ndogo. Itakulipa siku ya kwanza.

Mpwa aliniuliza pia kuhusu Volkswagen ya mgongo wa kobe, maana jirani anauza. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, ya mwisho ikatoka Meksiko 2003, kwa hiyo spea mpya bado zimejaa duniani. Angalia tu kama ni ya tundu tano au nne kwenye rimu, na volti 6 au 12. Ni gari zuri kwa mtu wa mjini. Yeye anaishi Mbulu. Tukaachana nayo.

Nilichomwambia

Kama unapenda kulala chini ya gari, una kalipa, na uko karibu na Arusha, chukua Landrova. Karibu kila kitu kwenye 109 kinaweza kubadilishwa na cha ndugu yake mdogo, mradi ukubali kwamba kila kipande kitakuuliza mwaka wake. Anayetaka gari la zamani la kufanyia kazi Jumatatu achukue Land Cruiser, na fundi wake awe yule anayetengeneza Coaster. Ya 504 nunua kama utapata na 505 mbovu ya kuchinja, vyote kwa pamoja, na kama una mtu Nairobi wa kukupitia Kirinyaga Road, mtaa wa maduka ya spea, mara moja kwa mwezi. Bila hivyo, iache Voi. Nasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu katika yote matatu ndiyo inayokalika vizuri zaidi.

Alichukua ya Tanga. Juzi kanipigia tena, safari hii salamu ilikuwa fupi.

"Mjomba, chini ya boneti kuna betri mbili. Ni kawaida?"

Nikamwambia asinunue hata globu moja mpaka asome kibandiko cha oltaneta.